Mwalimu Aliyeambiwa Mada Yake Imeshaandikwa

Jumanne iliyopita asubuhi nilikuwa nachagua nyanya katika soko la Nakasero simu ilipoita. Alikuwa mdogo wake Mwalimu, kama nilivyozoea kumwita rafiki yangu, na sauti yake ilikuwa kavu, kama ya mtu aliyekwisha kulia yote. Aliniambia Mwalimu, dada yake, amefariki alfajiri, kwamba presha ilimpanda tangu Ijumaa na safari hii haikushuka, na kwamba mazishi ni baada ya sala ya alasiri. Niliziacha nyanya kwenye mzani nikapanda boda boda hadi Kisugu. Uani kwao turubai lilikwisha kufungwa, na wanawake waliosomeshwa naye walikuwa wamejaa hadi barazani kwa jirani. Tulipokuwa tukisubiri mwili utolewe, alisimama bwana mmoja mwenye suti, aliyetumwa na chuo kikuu, akasema kwamba chuo kimepoteza mtafiti mahiri aliyekuwa njiani kuipata shahada ya uzamivu. Watu wakaitikia kwa heshima. Mimi nilitazama viatu vyangu, maana najua jinsi chuo kilivyompoteza, na najua ni nani walikuwepo siku hiyo.

Marehemu alikuwa mwalimu wa Kiswahili wa sekondari, mjukuu wa wafanyabiashara waliotoka pwani enzi za mababu wakakita mizizi hapa Kampala, wakafungua maduka na madarasa ya Kurani. Nyumbani kwao Kiswahili kilikuwa lugha ya kuombea chumvi, si lugha ya mtihani. Tulikutana Wandegeya, katika duka la kuchapisha ambako wanafunzi hupanga foleni kujalidi tasnifu zao. Mwenye duka, aliyejua kwamba naandika magazetini, alinipa ukurasa uliotoka kwenye mashine akaniomba nitazame kama una makosa. Yalikuwa maneno ya mwanamke fulani wa sokoni: “Bwana yangu alikuwa askali, akanileta huku, mimi nikaanza kupika chakula ya balabalani.” Nilitoa kalamu. Nilikwisha kuibadilisha “askali” kuwa “askari” mkono wa mtu ulipoushika ukurasa kwa upande wa pili.

“Kaka, usimsahihishe huyo mama,” alisema Mwalimu. “Hayo ni maneno yake, nami nayataka yalivyo.”

Nilimwomba radhi, tukanywa chai kibanda cha pili, akanieleza. Kwa miaka saba, kila likizo ya shule, alikuwa akienda nyumba kwa nyumba na kinasa sauti akiwarekodi wanawake wa Kampala wanaosema Kiswahili: wajane wa askari waliojifunzia kambini, mama wa Kikongo wanaouza vitenge, bibi wa ukoo wake mwenyewe ambao bado walitumia maneno yaliyokwisha kusahaulika huko pwani. Katika mji huu Kiswahili kimekaa miaka mingi kikihesabiwa kuwa lugha ya mtu mwenye bunduki. Mwalimu alitaka kuonyesha kwamba ni lugha ya wanawake waliolea na kuuza na kuzika kwayo. Alitaka kuyaandika hayo katika tasnifu ya uzamivu, kwa sababu, alisema, jambo likiandikwa mahali pengine huitwa hadithi, na likiandikwa humo huitwa elimu.

Watu wa nje hudhani kazi ngumu ya uzamivu ni kuandika. Mwalimu alitumia miaka minne akibisha hodi bila kuruhusiwa kuandika hata sentensi moja. Shahada yake ya uzamili ilikuwa nzuri na pendekezo la utafiti alilichapa mara nyingi kuliko anavyoweza kukumbuka mwenye duka la Wandegeya. Ofisi ya udahili ilimwambia hawezi kupokelewa mpaka apate msimamizi aliyekubali kwa maandishi. Msimamizi pekee aliyeijua mada alimwambia hawezi kuchukua mwanafunzi asiye na ufadhili, maana amekwisha kuona wengi wakiishia njiani. Wafadhili nao walimtaka alete kwanza barua ya udahili. Fungu la chuo la kusomesha watu wake lilikuwa la wahadhiri, na yeye alikuwa mwalimu wa sekondari. Fungu moja la ng’ambo lilimfaa kwa kila kitu, isipokuwa lilitaka mtu asiyezidi miaka arobaini, na yeye alikuwa na arobaini na mmoja. Hayo yote alinisimulia bila kulalamika, kama mtu anayemwelekeza mwenzake njia yenye matope.

Ndipo nilipofanya wema wangu. Alikuja mjini msichana mmoja kutoka ng’ambo, mpole, aliyejifunza Kiswahili pwani. Chuo chake kilikwisha kumlipia kila kitu kwa miaka yote ya uzamivu, na alichokosa ni mada na watu. Aliniandikia kwa sababu ya safu hii hii. Nikawakutanisha yeye na Mwalimu kwenye hoteli moja ya Nakasero, nikaagiza chai, nikajiona daraja. Msichana alipokwenda kupokea simu, Mwalimu aliniinamia akaniuliza kama ni busara kumpa rekodi zake. Nakumbuka nilivyomjibu, na ningependa kusahau.

“Mpe,” nilisema. “Mgeni njoo, mwenyeji apone.”

Alimpa. Kwa miaka miwili akamzungusha kwenye nyumba ambazo zisingemfungulia mgeni mlango, akamfasiria, akamwelewesha kwa nini bibi fulani akitaja kambi huanza kucheka. Alilipwa posho ya siku kama msaidizi. Mgeni aliahidi kwamba wataandika makala pamoja na kwamba atamwombea nafasi katika chuo chake, na siamini kwamba alikuwa akidanganya alipoahidi. Alirudi kwao, akaandika, akaitwa daktari, akapata kazi katika nchi nyingine. Tasnifu ilipotoka, Mwalimu alitajwa katika ukurasa wa shukrani kwa jina lake la kwanza tu, baada ya dereva.

Hakukata tamaa. Ndugu zake walichanga ada ya mwanzo, yule msimamizi akalainika, akapokelewa kwa njia ya utafiti pekee, isiyo na masomo ya darasani. Siku ya kulitetea pendekezo lake mbele ya jopo alinialika, nami nikakaa safu ya tatu. Alivaa buibui mpya. Alizungumza vizuri, bila haraka, akawachezea wanajopo sauti ya mama mmoja wa Kikongo hata wawili kati yao wakatabasamu. Kisha mhadhiri mmoja, mtu wa makamo aliyekuwa akifungua karatasi tangu mwanzo, akasema kwamba pendekezo lilipitishwa kwenye mashine ya kukagua wizi wa maandishi, kama sheria mpya inavyotaka. Akainua kurasa zilizotiwa rangi nyekundu kuanzia juu hadi chini. Mifano yake, alisema, inafanana neno kwa neno na ile iliyomo katika tasnifu ya mtafiti wa ng’ambo, na mtafiti huyo hakutajwa kama chanzo.

“Mada hii imeshaandikwa, mama,” alimwambia. “Unaziba pengo gani?”

“Sauti zilizomo kwenye kitabu hicho nilizirekodi mimi,” Mwalimu alijibu. “Nyingi nilizirekodi kabla mwenye kitabu hajafika Uganda.”

“Unaye wa kulithibitisha hilo?”

Mwalimu akageuka akanitazama. Ukumbi mzima ulimfuata kwa macho. Mwenyekiti alikuwa ametangaza mwanzoni kwamba wageni hawana ruhusa ya kusema, na mimi nilikishika kifungu hicho kama mtu anayezama ashikavyo ubao. Nilijiambia kwamba nikizungumza nitamharibia, kwamba jambo hili lina utaratibu wake, kwamba nitaandika barua. Ukweli ni kwamba mbele ya wenye joho niliona haya. Nilikuwa mwandishi wa gazeti asiye na shahada hata moja. Nikakaa kimya. Mwalimu akangoja kidogo, akageuka tena mbele, akasema hana. Jopo likampa muda akatafute mada nyingine.

Tulikula katogo, ndizi za matooke zilizopikwa pamoja na nyama, Wandegeya baada ya hapo. Yeye ndiye aliyenichotea. Alizungumza juu ya mitihani ya wanafunzi wake, juu ya bei ya matooke, na nilipoanza kujieleza alisema kwa upole kwamba nile kabla chakula hakijapoa. Kwenye kona ya barabara, akiwa tayari juu ya boda boda, alisema, “Ulikuwa unajua, kaka.” Hakusema kwa hasira. Ningefarijika kama angekasirika.

Niliiandika ile barua, ndiyo. Yule daktari wa ng’ambo alinijibu haraka na kwa adabu, akakiri kila kitu kwa maandishi, akaambatanisha hata tarehe za rekodi. Nilimpelekea Mwalimu barua hiyo nyumbani. Aliisoma mara mbili, akaikunja, akaniambia kwamba msimamizi wake amestaafu, muda aliopewa umekwisha, na ada haiwezi kuchangwa mara ya pili na ndugu wale wale. Akaniuliza kama nitakunywa chai ya rangi au ya maziwa. Aliendelea kufundisha miaka mingine sita. Sikumsikia tena akitaja neno uzamivu, ila mdogo wake ameniambia kwamba likizo zikifika alikuwa bado akitoka na simu yake kuwarekodi wale wanawake, waliobaki hai.

Siku hizi kila chuo kinataka madaktari wengi zaidi, na kila mwaka linaongezwa sharti jipya: makala katika jarida, fomu ya mtandaoni, mashine ya kupima uaminifu. Sina ugomvi na masharti. Nimeona tu kwamba yote yanampima anayebisha hodi, hakuna linalompima aliyekaa ndani. Mashine ile haikukosea. Ilisema kweli kwamba maneno yanafanana. Kusema maneno yalianza kwa nani kulihitaji mtu, na mtu alikuwepo.

Kwa vijana mnaoniandikia mkiuliza mwanzie wapi, nina la kuwaambia: kabla hamjamkabidhi yeyote kazi yenu, hata mgeni mwema, hata kwa ushauri wa mtu mzima mnayemwamini, ichapisheni popote kwa jina lenu kamili. Kwa wenzangu wa rika langu nina jingine. Ukiijua kazi ya mtu, ishuhudie angali hai, mbele ya wale wanaoamua, hata ukiambiwa huna ruhusa ya kusema. Kumsifu baada ya mazishi ni rahisi. Yule bwana wa suti aliweza, na leo nimeweza mimi.