Siku Benki Ilipokubali Hasara ya Nyumba ya Bernadine

Saa moja asubuhi, Bernadine Hruska anapanda ngazi za kreni yake katika bandari ya Cleveland, chupa ya kahawa ikining'inia begani. Chini yake meli ya chuma imefungwa gatini. Anakaa, anasukuma mkono wa mtambo, na mzigo mzito kuliko lori unapaa taratibu.

"Mama Chuma, polepole, wengine tuna wake nyumbani," mpakiaji mmoja anamtania redioni.

"Hao ndio wamenituma," anajibu.

Mwanamke huyu wa miaka hamsini na minne amezoea vizito. Kinachomshangaza hadi leo ni benki kumsamehe deni la dola elfu arobaini.

Yeye na mumewe, Leon, walikuwa na nyumba ya matofali kusini mwa jiji. Kisha Leon akapasuliwa moyo, saa za kazi bandarini zikapunguzwa, na malipo ya nyumba yakaanza kulimbikizana. Benki ikawaarifu kuwa nyumba itapigwa mnada. Kwa kuwa bei mtaani zilikuwa zimeporomoka, hata wangeuza, fedha zisingetosha kumaliza deni.

"Jirani yetu Otis alinadiwa nyumba msimu huo huo," anasimulia. "Makochi yake yaliwekwa nje, kwenye theluji. Akakaa juu ya moja, amevaa kofia, kama mtu anayesubiri basi. Nilikosa usingizi."

Leon alikata tamaa. "Waichukue tu," alimwambia.

Ndipo dalali wa nyumba, Yolanda Pettis, wanayesali naye kanisa moja, alipokuja kuketi jikoni kwao.

"Tuiombe benki ituruhusu tuuze kwa bei ya sasa, hata kama iko chini ya deni," aliwaambia.

"Na kitakachobaki tukitoe wapi?" Leon akauliza.

"Waandike kwamba wamekisamehe. Wasipoandika, hatusaini."

"Benki gani hiyo yenye huruma, dada?"

"Huruma iko wapi hapo? Mnada una mawakili, una nyumba tupu, una mabomba ya kupasuka kwa baridi. Hivi wao wanapata afadhali, na ninyi mnatoka kwa miguu yenu. Jina lenu litachafuka, siwafichi, lakini mtakopesheka tena mapema kuliko aliyenadiwa."

Benki ilikataa ofa ya kwanza, na mnunuzi akachoka kungoja. Bernadine akaanza kupaka rangi vyumba kila atokapo kazini.

"Unapamba nyumba ya watu," Leon akamwambia.

"Bado ni yangu," akamjibu, akaendelea.

Mnunuzi wa pili, fundi umeme kijana, alivumilia miezi mitatu ya maswali ya benki. Mnada ulipokuwa umebakiza siku chache, Yolanda akapiga simu wakati wa chakula cha mchana. Benki imekubali, na salio lote limesamehewa kwa maandishi.

"Nilimwambia anisomee tena," anasema Bernadine. "Nikamwambia tena. Wenzangu wakadhani nimefiwa. Nilikaa pale gatini naangalia maji, nashindwa hata kutafuna. Watu wasionijua hata sura wamefuta mzigo ule kwa mistari miwili."

Walipoteza yote waliyokuwa wameweka ndani ya nyumba ile, na Leon alilia garini siku ya kuhama. Lakini hakuna askari aliyebisha hodi kuwatoa. Bernadine alimwonyesha fundi umeme tanuri la kupasha joto linavyopigwa kofi kidogo likigoma, akamkabidhi funguo mkononi, wakaagana.

Sasa wamepanga vyumba viwili karibu na bandari. Yolanda anaamini kufikia kiangazi kijacho wataweza kuomba mkopo wa nyumba ndogo. Jumapili, wakitoka kanisani, wanapita mitaani kuangalia nyumba zinazouzwa.

"Juzi Leon alishuka garini, akaanza kupima baraza ya watu kwa hatua zake," anasema Bernadine, sauti ikishuka. "Nikamwambia, Leon, hii hata bei yake hatujauliza. Akasema anajua, anaangalia tu kama viti vyetu viwili vitaenea."