Mama Yangu na Mbio za Barabara ya Kumsenga

Mimi ndiye niliyemkimbiza mama yangu mpaka akaanguka. Naomba niliseme hilo mwanzoni kabisa, kabla watu wa Kasulu hawajalisema kwa namna yao.

Siku hiyo tulikuwa tumetoka kliniki hapa Kibondo. Nesi, mwanamke wa Tanga aliyeletwa huku kikazi na bado hajazoea baridi yetu, alimfunga mama mkanda wa presha mkononi, akaujaza upepo, akaangalia, akaujaza tena kama mtu asiyeamini macho yake. Akamwambia dawa ameze, chumvi apunguze, na mwili aufanyishe mazoezi.

"Mazoezi ninayo," mama akasema. "Mimi ni fundi cherehani. Mguu huu wa kulia hauna likizo."

"Na mguu wa kushoto?"

Mama akautazama mguu wa kushoto kama mgeni.

"Mama yangu, una miaka arobaini na tisa," nesi akasema kwa upole. "Ukijitunza utalea wajukuu. Usipojitunza…"

Mwisho wake sote tuliujua. Bibi, mama yake mama, alianguka akipalilia maharage akiwa na umri huohuo. Upande mmoja wa mwili ukakataa, na hayo maharage aliyokuwa anayapalilia hakuyala. Njia nzima ya kurudi nyumbani mama hakusema kitu, na mama yangu ni mtu anayeongea hata na mchele anapouchagua. Mimi nikawa natembea nyuma yake nikitazama kisigino chake cha kushoto, nasema moyoni, huyu hafi. Mimi nipo.

Sasa nieleze mimi nilikuwa nani. Nilikuwa fundi baiskeli wa njiapanda, elimu yangu kidato cha pili, na ndoto yangu kubwa ilikuwa kuwa kocha wa wakimbiaji. Filimbi nilikuwa nayo tayari. Kilichokosekana ni mkimbiaji tu. Kwenye redio nilikuwa nimemsikia kijana mmoja wa Dar, sauti nzito, akisema kwamba mazoezi yasiyouma si mazoezi, ni matembezi. Maneno yale yalinikaa. Hakusema yanamhusu mtu wa umri gani, na mimi sikujiuliza.

Kesho yake alfajiri, ukungu bado umelala juu ya migomba, nikamtoa mama barabarani. Alivaa kitenge, chini yake bukta yangu ya mpira, miguuni raba za mtumba. Mimi nikapanda baiskeli nyuma yake na filimbi mdomoni.

"Polepole au haraka?" akauliza.

"Haraka, mama. Iume."

Nikapuliza. Mama akatoka mbio.

Kwetu mtu mzima hakimbii bila sababu. Mwanamke wa makamo akionekana anakimbia saa kumi na mbili asubuhi, ana taarifa ya msiba au nyumba inaungua. Na adabu yetu ni kwamba humsimamishi mtu wa namna hiyo kumuuliza maswali. Unaacha ulichoshika, unamfuata mpaka afike anakokwenda, hapo ndipo mtajua mnamlilia nani. Mimi najua adabu hiyo tangu utoto. Asubuhi ile nilikuwa kocha, nikaisahau.

Wa kwanza kutoka alikuwa jirani yetu, rafiki mkubwa wa mama. Huyu alizaliwa Burundi, akavuka mpaka akiwa mtoto, leo ni Mtanzania mwenye shamba na genge la nyanya. Akatoka mbio na sufuria kichwani na kuku kwapani. Baadaye nilipomuuliza kwa nini kuku, akanijibu, "Mwanangu, mimi nikiona watu wanakimbia asubuhi siulizi wanakwenda wapi. Nachukua sufuria."

Nyuma yake wakaongezeka wengine: mzee mmoja na jembe lake, wanawake wawili na beseni, fundi seremala akiwa na randa mkononi. Mama akageuza shingo, akaona kundi la watu linakuja mbio na kuku anapiga kelele. Akafikiri kuna kitu nyuma yao. Akaongeza mwendo. Wao walipoona ameongeza mwendo, wakaelewa kwamba msiba ni mkubwa kuliko walivyodhani, wakaongeza pia. Na mimi, nisamehewe, niliona mwanariadha wangu anakimbia vizuri namna ile siku ya kwanza tu, nikapuliza filimbi kwa furaha mpaka mate yakanikauka.

Kwenye kalavati mama akaishiwa. Hakuanguka kwa kishindo, alikaa kwanza, halafu akalala kwenye majani kama nguo iliyodondoka kwenye kamba. Watu wakamzunguka wakihema.

"Ni nani?" mzee wa jembe akauliza kwa sauti ya chini. "Tuambie, nani ametutoka?"

Mama hakuwa na pumzi hata ya neno moja. Akanyoosha kidole kwangu.

Wote wakanigeukia, wakaelewa kwamba mfiwa ni mimi. Mwanamke mmoja akavua khanga yake, akanifunika mabegani, akaanza kulia kwa Kiha. "Yooo mawe! Mtoto mdogo hivi!" Nikataka kueleza, lakini filimbi ilikuwa bado mdomoni, ikalia yenyewe, wakadhani ni kilio. Wakalia wote. Katikati ya kilio hicho akapita dereva wa bodaboda akielekea Kasulu. Aliona mama amelala chini, watu wanalia, mtoto kafunikwa khanga. Akavua kofia yake, akaondoka nayo hiyo habari.

Mama nilimrudisha nyumbani kwenye keria ya baiskeli, kama mkungu wa ndizi. Pumzi ilirudi, miguu ikagoma. Alikuwa hawezi hata kukanyaga cherehani.

Saa tisa alasiri tukasikia vilio vinakuja kutoka barabarani. Pikapu ya kukodi ikasimama uani, imejaa kuni, gunia la maharage, mkungu mzima na wanawake sita. Mbele yao alikuwa mama mkubwa, dada yake mama, anayeishi Kasulu, mikono kichwani. Akapita mbele ya mama yangu aliyekuwa amekaa mlangoni na sahani ya ugali mapajani. Akafika ndani. Akarudi nje polepole.

"Wewe," akasema. "Unakula?"

"Shikamoo dada. Karibu, nawa mikono."

"Unakula ugali, na mimi nimelia kuanzia stendi ya Kasulu!"

"Nani kafa?"

"Wewe!"

Mama akatafuna kwanza, akameza. "Kwa nini hamkunipigia simu?"

"Mfu anapigiwa simu?"

Tukacheka, hata wale wanawake sita, wengine bado machozi mashavuni. Ila mama mkubwa hakucheka. Alikaa chini palepale kwenye vumbi na gauni lake zuri, akamshika mama mguu, akasema, "Mdogo wangu, nimekuja njia nzima namwona mama yetu kwenye yale maharage. Nimemzika mara ya pili leo. Usinirudishie tena safari hii." Halafu ndipo akalia kilio cha kweli, kisicho na sauti. Nikaenda nyuma ya nyumba, nikajifanya natafuta pampu.

Mkungu na maharage havikurudi. Kwenye ukoo wetu kitu kilichotolewa nyumbani kwa ajili ya msiba hakirudi kwa mwenyewe, labda uwe unatafuta msiba mwingine. Basi vikapikwa, majirani wakaitwa, na mama yangu akala chakula cha matanga yake mwenyewe, huku akipaza sauti kutoka mlangoni: "Chumvi kidogo jamani, nina presha!"

Ila walipoondoka akaniita. "Baba, sikia. Najua ulitaka kunisaidia. Lakini mimi sikimbii tena, wala sitembei. Nikifa, nife nimekaa kwenye cherehani yangu."

Hicho ndicho kilichoniumiza. Nilimkuta mama ana nafasi moja ya kupona, na mimi nikaichoma yote asubuhi moja.

Nikaenda kwa nesi kuungama. Alicheka mpaka akafuta macho kwa pamba, kisha akaniuliza, "Wewe si fundi? Baiskeli iliyolala stoo miaka kumi unaifanyaje?"

"Naipaka mafuta. Nauzungusha mnyororo kwa mkono kwanza, taratibu."

"Huipandi ukateremka nayo kilima cha Kumsenga siku hiyohiyo?"

"Itakata mnyororo."

"Na mama yako?"

Akanieleza. Misuli ipoe kwanza. Halafu aanze na dakika kumi tu, leo kumi, kesho kutwa kumi, aongeze kidogokidogo kwa wiki, si kwa siku. "Na aende huku anaongea. Akishindwa kumaliza sentensi, amezidisha, apunguze mwendo. Hicho ndicho kipimo, hakihitaji filimbi."

Sasa utamwambiaje mtu aliyeapa hatembei? Siku nne nikawaza hilo nikiziba pancha za watu. Siku ya tano jirani yule wa kuku akaja kumjulia mama hali. Wakaongea, wakamaliza, akaaga. Na mama, kwa mazoea tu, akainuka akijishika kiuno, akamsindikiza. Maana hata ukiwa na kiapo, mgeni haondoki peke yake kwako kama aliyefukuzwa.

Mimi nilikuwa njiapanda nanyoosha rimu. Nikawaona wanapita wakiongea. Baada ya muda nikawaona wanarudi. Jirani alikuwa amefika kwake, akaona aibu kumwacha mgonjwa arudi peke yake, akamsindikiza. Baada ya muda wakapita tena. Mama alikuwa amefikishwa mlangoni, sasa amwache mwenzake aende peke yake? Walipita mbele yangu mara sita, na mara zote sita maneno hayakukatika. Nikaweka spana chini.

Kazi yangu ya ukocha ikawa moja tu: kumtafutia mama wageni. Kila mteja wa baiskeli nikamwambia, pita nyumbani, mama hajisikii vizuri, msalimie. Mmoja asubuhi, mmoja jioni, na kila siku ya tatu nikaacha apumzike. Wa kuanzia niliwachagua wanaokaa karibu. Wiki ya pili nikaanza kumpelekea wa ng'ambo ya kalavati. Wiki ya nne, wa bondeni.

Nilisahau jambo moja. Kwetu mgonjwa anayeanza kupona wageni hupungua. Wa mama walikuwa wanaongezeka. Jioni moja nilimkuta ameketi na kitambaa mapajani.

"Baba," akasema, "nesi alikuambia nini ambacho mmenificha?"

"Hakuna, mama."

"Mbona wanakuja watu hata siwajui? Jana kaja mwanamume kutoka Kumsenga, ameniambia pole, kisha ameniuliza kama kuna pampu ya kuazima. Mimi nakufa?"

Nilitamani kumwambia. Lakini niliogopa akijua ni mazoezi ataacha. Nikasema watu wanampenda tu. Akaniangalia namna ile mama anavyoangalia mshono uliopinda.

Siri ilitoboka kwenye mwezi wa pili. Alimsindikiza mteja wangu mmoja mpaka chini bondeni, na huyo bwana, mdomo wake ukiwa hauna breki, akamwambia kwamba wageni wote ni mimi ninayewatuma, na kwamba kuwasindikiza huko ndiko ukocha wangu mpya. Mimi nilikuwa nakuja na baiskeli ya watu, nikakutana na mama palepale chini anapoanza kupanda. Kilima kile cha Kumsenga hata vijana wenye mizigo hushuka wakasukuma.

"Kumbe wewe!" akasema. "Kumbe mimi ni mbuzi wako wa kuswagwa!" Akaanza kupanda. Nikasukuma baiskeli pembeni yake. "Umenifanya niandike wosia kichwani! Nimeshampa jirani cherehani, nimeshampa dada yangu vitenge, wewe nimekupa shati la marehemu baba yako, na sasa nakunyang'anya! Na yule mzee uliyemleta siku ya mvua, nimemsindikiza na mwavuli wangu, kaondoka nao! Na filimbi yako ile nimeitia chooni tangu mwezi uliopita, usiitafute!"

Tulipita ule mti wa kwanza. Tulipita kona. Nilikuwa nahema, na yeye alikuwa amefika kwenye makosa yangu ya darasa la tatu. Nikatega sikio kusikia pumzi itakatika wapi. Haikukatika. Sentensi zilikuwa ndefu, zina mwanzo na mwisho, nyingine alizirudia kwa kuzipenda. Juu kabisa, panapoonekana mabati ya mji, akasimama kwa hasira tu, si kwa kuchoka, mikono kiunoni.

"Na nini kinakutoa machozi? Nimekupiga?"

"Hapana mama," nikasema. "Endelea. Bado hujasema la kalavati."

Akaendelea.