Mita Themanini za Masese

Masese ndiye aliyezika waya wa mtandao kutoka Ikonge mpaka Ekerenyo, miaka tisa iliyopita, akiwa bado na nywele za mbele. Ni waya mwembamba wenye nyuzi za kioo zinazopitisha mwanga, na ukikatika, soko zima linakaa kama limefiwa. Aliifanya kazi ile vizuri, hilo hata adui yake atakubali. Ila karibu na kituo cha kupimia majani chai alikunja waya wa akiba, mita themanini, akaufukia ndani ya shimo la zege, na kwenye ramani ya kampuni asiandike kitu. Kila waya ulipokatika mbele ya hapo, vijana wa kampuni walipima umbali kwa mashine, wakachimba, wakakosa, mwisho wakampigia simu. "Mwalimu, tusaidie." Utamu wa simu hiyo, jamani, aliujua yeye peke yake.

Kisha akaja Sheila. Masese mwenyewe alimfundisha kuunga nyuzi, na kabla mwaka haujaisha mkono wa binti ukampita. Nyuzi ambazo Masese alizitafuta kwa miwani, Sheila alizikata kama anayekata sukuma wiki. Bosi aliposema kwamba mwisho wa mwezi mmoja wao atakuwa msimamizi, Masese akaanza kuchukia hata kicheko cha yule msichana.

Waya ulikatika Jumamosi. Masese ni Msabato, simu yake huzimwa Ijumaa jua likitua. Sheila ni Mkatoliki, basi zamu ikawa yake.

Baada ya ibada waumini walikaa kwenye nyasi za kanisa, wakila pamoja. Kutoka pale mlimani barabara yote inaonekana. Masese alimwona Sheila na vibarua wawili wakichimba shimo la kwanza. Wakahamia la pili. La tatu. Ndizi ilimshuka kooni tamu kuliko siku zote.

"Baba Ogoti," mkewe Nyangate akasema, "mbona unatabasamu peke yako?"

"Wanachimba mahali si penyewe."

"Na penyewe unapajua?"

"Leo ni Sabato, Nyangate. Sifanyi kazi."

Nyangate akamtazama, kisha akatazama barabara. "Kumbe. Na wivu, huo umepewa ruhusa ya kufanya kazi Sabato? Maana naona tangu asubuhi haujapumzika."

Masese aliacha kutafuna. Akang'oa nyasi, akazitupa. Halafu akachukua mwavuli, akateremka kilima na suti yake ya kanisa.

Sheila alikuwa na tope hadi magotini. "Mwalimu! Simu yako nimeipiga mpaka nimechoka. Mashine inasema ni hapa, na hapa hakuna kitu."

"Mashine haidanganyi," Masese akasema, macho chini. "Inahesabu waya, haihesabu barabara. Pale kituo cha chai kuna mita themanini zimekunjwa. Rudi nyuma kiasi hicho."

Walirudi. Wakafika kwenye geti jipya la mzee Mokua, ambalo Sheila alikuwa amelipita mara mbili. Nguzo moja, saruji bado mbichi, ilikuwa imesimikwa juu ya waya kabisa.

"Themanini," Sheila akasema polepole. "Kwenye ramani haziko."

"Haziko."

"Nani hakuandika?"

"Mimi."

Yule msichana hakucheka. Alimpa kalamu na ramani. Masese akarudisha mikono nyuma. "Andika wewe. Mimi leo Sabato."

Mvua ikaanza. Nyuzi hazitaki maji, kwa hiyo Masese akafungua mwavuli. Kushika mwavuli si kazi, alijiambia. Alisimama saa nzima, suti imelowa mgongoni, akitazama vidole vya Sheila vikiunga uzi baada ya uzi bila kurudia hata mmoja. Kifua kilimuuma. Lakini mwavuli hakuuinamisha.

Wiki ya mwisho ya mwezi bosi akampa Sheila usimamizi. Masese alirudi nyumbani, akanywa chai. Kisha akavaa miwani, akatoa daftari la zamani na kalamu, akaanza kuorodhesha sehemu nyingine alizokunja waya bila kusema. Zilikuwa sita.