Nilimbandua Dawatini Nikamkabidhi kwa Mjomba

Msinipe pole, sitaki! Mimi ni mwalimu wa kitengo cha watoto wenye mahitaji maalumu hapa Morogoro, na kosa langu nililifanya nikiwa na akili zangu timamu.

Darasani nina binti asiyesema. Nitamwita Neema, silo jina lake. Mama yake huteremsha mboga kutoka milimani. Siku alipomleta aliniambia, "Shikamoo mwalimu. Huyu usimpe mtu mwingine, hata awe kaka yangu."

Nikaitikia. Kumbe niliitikia kwa mdomo tu!

Ijumaa moja mama alichelewa. Akaja mjomba, shati limenyooshwa pasi, salamu tele. "Dada gari limemharibikia huko juu. Nimemfuata mwanangu."

Sisi Waluguru ukoo ni wa mama, na mjomba ndiye mwenye mtoto. Nimnyime mtoto wake, nionekane sina adabu? Hata simu sikupiga.

Neema aling'ang'ania dawati. Na mimi, ninayewahubiria wenzangu kwamba mtoto asiyesema husema kwa mwili, nikamfokea, "Acha kudeka!" Nikambandua kidole kimoja kimoja. Mjinga mimi!

Kesho yake mama alimkuta kafungwa kamba kwenye nguzo ya jiko la mjomba, mikono imevimba, mjomba mwenyewe yuko shambani. Eti asipotee! Na haikuwa mara ya kwanza, ndiyo maana mama alinionya.

Jumatatu mama alikuja shuleni, safari hii bila shikamoo. "Nilikwambia, mwalimu. Si nilikwambia?"

Mkuu wa shule akaniita pembeni. "Haya ni mambo ya ukoo, watayamaliza wenyewe. Usituletee polisi hapa."

Wayamalize! Walipoyamaliza mara ya kwanza, mtoto alipona nini? Nilikwenda polisi, dawati la jinsia na watoto, nikaeleza yote, na la kwangu nikalisema. Sasa ofisi ya walimu nikiingia wananyamaza, eti nimeichafua shule. Wanune mpaka wachoke!

Walimu wenzangu, mzazi akisema usimpe mtu, usimpe, hata aje mkubwa wa ukoo mzima. Aibu ya kumkatalia mtu mzima itaisha jioni hiyohiyo. Na mtoto aking'ang'ania dawati, mwacheni hapo hapo, muulizeni mama yake kwanza.

Neema bado yuko darasani kwangu. Zamani kengele ya kwenda nyumbani ikilia alikuwa akinishika sketi. Siku hizi nikimsogelea, anaficha mikono mgongoni.