Sikufa, Nilinyang'anywa Pedi

Jumapili iliyopita nilikwenda Chamazi kumtembelea kaka yangu, nikarudi na hasira ambayo mpaka leo haijashuka. Tulikuwa tumemaliza kula. Wanawe wawili wamekaa kwenye zulia wanacheza gemu, na baba yao, kijiti cha meno mdomoni, akaamua kuwachekesha.

"Shangazi yenu huyu mnayemuona, siku ya kwanza kushika pedi ya gemu alikufa hata dakika haijaisha. Alikuwaga hajui hata kitufe cha kupandia gari."

Watoto wakacheka mpaka wakalala chali. Mimi nilinyamaza kwa heshima ya wifi yangu, aliyekuwa amenipikia pilau. Lakini wewe nitakuambia, maana huna undugu naye: ule ni uongo, na anayeusema anajua kwamba ni uongo.

Utotoni tuliishi Temeke kwa bibi yetu, aliyekuwa akiuza vitumbua. Mkono wa kulia alikaa jirani mchongaji vinyago, mtu wa kusini, na kutwa nzima tulisikia patasi yake ikigonga mpingo. Mkono wa kushoto kulikuwa na kibanda cha gemu: kuta za bati, televisheni mbili za mgongo, mabenchi, na feni iliyozunguka pale ilipojisikia. Mle ndani kulinuka jasho, soksi za shule na iliki ya vitumbua vya bibi. Najua harufu hiyo kwa sababu ni mimi niliyepeleka sahani kila siku nikitoka shule, baada ya kufua sare mbili, yangu na ya kaka, kufagia uwanja na kujaza ndoo. Kazi ya kaka yangu ilikuwa kuwa na njaa.

Kwenye televisheni ya kwanza walicheza mpira, na huko mambo yalikuwa rahisi: ukifungwa unainuka, unampisha mwingine. Kwenye ya pili kulikuwa na gemu tuliloliita la mjini. Unakuwa mtu mmoja ndani ya jiji zima, unakwenda utakako, unachukua gari la mtu, unapigana, unakimbizana na polisi. Gemu lile halikuwa na filimbi ya mwisho. Mtu angeweza kushika pedi mpaka aote ndevu. Basi mwenye kibanda akatunga sheria, akaiandika kwa mkaa kwenye kipande cha boksi, akakitundika ukutani: UKIFA, TOA PEDI. Ilikuwa sheria nzuri, na nasema hivyo mimi niliyeumizwa ilipovunjwa. Wavulana walikuwa na pupa. Dakika mbili tu mtu ameshapora gari, ameshagonga ukuta, ameshapigwa risasi, na pedi imeshapokewa na mwingine.

Nilipoomba zamu, mwenye kibanda aliniambia, "Sista, vidole vyako vina mafuta ya vitumbua, utaniulia pedi." Haya, niambie wewe. Wale waliokuwa wanakula vitumbua hivyohivyo na kushika pedi mkono huohuo, vya kwao vilipakwa asali? Hadi leo sijapata jibu.

Nikaanza kuichelewesha sahani makusudi. Nilisimama mlangoni nikisubiri kitumbua cha mwisho kiliwe, macho yangu yako kwenye vidole vya anayecheza. Pembetatu, kupanda gari. Eksi, kukanyaga mafuta. Boksi, breki. Duara, kufyatua. Nyumbani nikawa nabonyeza mgongo wa sahani, nabonyeza magoti, hata daftari la hesabu nilikuwa nalibonyeza. Bibi akiniona alisema, "Mtaka cha mvunguni sharti ainame," kisha ananipa unga nikoroge.

Mchongaji ndiye aliyeuliza. "Wewe binti, vidole vina nini?" Nikamweleza, akanipa kipande cha mkaa nichore pedi kwenye ubao. Baada ya siku tatu akaniita. Alikuwa amenichongea pedi ya mpingo, nyeusi, laini kama kokwa la ubuyu lililonyonywa, ina vitufe vyote, na vijiti viwili vya katikati vinazunguka kweli. Sikuwahi kupewa kitu kizuri namna ile, na sijapewa tena.

Akajitwika na ualimu. Lakini mchongaji hakuwahi kucheza gemu maishani mwake. Alichokijua ni kupeleka vinyago mjini kwa baiskeli, na alichokiogopa duniani ni makutano ya barabara. Basi akanifundisha alichokijua. Yeye anagonga patasi, mimi nimekaa kwenye vumbi la mpingo, naye anaita bila kunitazama, "Taa nyekundu!" Nabonyeza boksi. "Mama na mtoto wanavuka!" Boksi tena. "Gari linatoka kushoto!" Nazungusha kijiti. Nikikosea, tunarudia tangu mwanzo. Alikuwa na msemo wake: kidole kikishajua, kichwa kikapumzike. Tukafanya hivyo masika yote.

Shule ilipofungwa kwa likizo nilikuwa nimeshika nafasi ya tatu darasani, na bibi akaniuliza nataka nini. Nikamwambia. Hakucheka. Alijifunga kanga ya pili, akanishika mkono mpaka mlangoni pa kibanda. Shikamoo zikamwagika kutoka kila benchi.

"Marahaba. Mpe mjukuu wangu zamu."

"Lakini bibi, huyu..."

"Akifa, si atatoka kama wenzake?"

Mwenye kibanda akajikuna kichwa. "Sawa bibi. Akifa atatoka."

Wavulana wakaguna kwa furaha, maana zamu yangu waliihesabu kuwa pumzi mbili. Aliyenifuata kwenye foleni alikuwa kaka yangu, na tayari alikuwa ananyoosha vidole.

Nikashika pedi. Ilikuwa ya moto na nyepesi kuliko ya mpingo, nusura iniponyoke. Nikabonyeza pembetatu, nikapanda gari lililokuwa limeegeshwa. Eksi taratibu. Taa nyekundu, nikasimama. Kibanda kizima kikaangua kicheko. Taa ya kijani, nikaenda. Akapita mama, nikamngoja avuke. Nilizunguka mji ule wote. Nikaona mitaa ambayo wavulana hawakuwahi kuiona, kwa sababu walikuwa wakifa mtaa wa pili. Nikapanda kilima, nikashuka hadi ufukweni, nikaegesha, nikatazama maji.

Vicheko vikaisha. Wakaanza kusonya na kugongagonga mabenchi kwa hasira. Nilikuwa nimeanza baada ya sala ya adhuhuri, na adhana ya alasiri ikaadhiniwa pedi ikiwa bado mkononi mwangu. Sikuwa na jeraha hata moja. Nilikuwa na furaha ambayo siwezi kukueleza.

Ndipo kaka yangu, mtoto wa mama yangu, niliyetoka kumfulia shati lililokuwa mwilini mwake, akasema, "Braza, huyu hachezi. Anatembeatembea tu. Muondoe."

Wote wakaitikia. Mwenye kibanda hakutazama hata lile boksi ukutani. "Kuanzia leo, asiyefanya fujo naye anatoka." Akaichomoa pedi mikononi mwangu, akampa kaka.

"Sijafa!" nikapiga kelele. "Bibi alisema nikifa! Sijafa!"

Wakanicheka hadi nje. Kaka alipora gari, akagonga nguzo, akafa kabla sijafika uwani kwetu.

Sheria ile mpya haikuandikwa popote. Kesho yake hakuna aliyeikumbuka. Ilitumika mara moja tu tangu dunia iumbwe, na ilitumika kwangu. Hilo ndilo linaloniuma kuliko pedi yenyewe: ningekufa wangesema sijui, sikufa wakasema si kucheza. Bibi hakugombana na mtu. Alisema tu, "Vitumbua vyangu haviingii mle tena," na havikuingia.

Siku hizi hakuna kilichobaki cha kugombea. Kibanda kimekuwa duka la vifuniko vya simu. Bibi tulimzika, mchongaji alirudi kwao kusini, na patasi haisikiki. Gemu za sasa zinamfundisha mtoto zenyewe, zinamwandikia kwenye kioo bonyeza hapa, bonyeza pale, na akifa anafufuka papo hapo wala hanyanyuki. Hakuna anayesimama mlangoni na sahani. Pedi ya mpingo ninayo kabatini, na vitufe vyake vimelainika kwa vidole vyangu.

Basi pale Chamazi, kicheko kilipotulia, nilishuka kwenye kochi nikakaa zuliani. "Hebu mpe shangazi," nikamwambia mkubwa. Akanipa. Vitufe vilikuwa palepale. Nikapanda gari, nikaenda, nikasimama kwenye taa nyekundu.

"Shangazi, mbona umesimama?"

"Nangoja."

Tukazunguka. Chai ikaletwa, ikapoa. Watoto wakaanza kunionesha njia, kisha wakaanza kunung'unika. Hatimaye baba yao akasema kutoka kwenye kiti chake, "Dada, si uwape watoto pedi yao?"

Sikugeuka kumtazama.

"Sijafa," nikamwambia.

Kile kijiti cha meno kikamdondoka.