Klachi Ngumu ya Gari Langu la Mbio

Mwanza nzima hakuna anayejua magari ya mbio kunizidi, hata mafundi wa Igoma wananiamkia!

Leo fundi kaniuliza, "Mzee, klachi ya hili gari lako la zamani inateleza. Nikufungie ya kawaida au ile ngumu ya mashindano?"

Nikacheka. Mguu huu ulimpiga teke kiboko pale Kamanga, akarudi ziwani analia!

"Funga ngumu!"

Mke wangu akaninong'oneza, "Baba Neema, na hilo goti lako?"

Goti gani bwana!

Ikafungwa. Injini inanguruma, watu wamejaa. Nikakanyaga klachi. Wapi!

Nikakanyaga kwa miguu miwili.

"Hebu sogea huko," akasema Mama Neema.

Jamani, gari linaruka kama swala! Sasa hivi tunapita Nyegezi, mkituona pigeni kelele.

Mimi ndiye ninayewapungia, dirisha la abiria.