Niliandika Sheria kwa Penseli

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa panga na jozi ya buti za mvua zilizonizidi miguu. Nilikuwa nimefika ofisi ya ardhi ya mkoa, pale Bukoba, na sketi iliyopigwa pasi na cheti changu ndani ya bahasha ya kaki, nikitegemea kuonyeshwa meza. Mpima Ardhi wa Mkoa, mzee mfupi asiyependa maneno mengi, alikisoma cheti, akakirudisha kwenye bahasha, akanionyesha gari. Siku nzima nilikata mstari. Kukata mstari, kwa ninyi mnaopima kwa setilaiti, ni kufyeka vichaka kati ya alama mbili mpaka jicho lione kutoka moja hadi nyingine. Bila hivyo hata chombo cha bei mbaya hakikusaidii kitu.

Tulipokuwa tunanawa mikono jioni, aliniuliza kwa nini msichana kama mimi alichagua kozi hii. Nikamjibu kwamba napenda hesabu.

"Anayependa hesabu anakwenda benki," alisema. "Siku ukiwa tayari kusema kweli, utaniambia."

Kweli yenyewe ilikuwa ndefu, na ilianzia nyumbani kwetu, jirani na Kamachumu.

Baba yangu na kaka yake, baba mkubwa, walirithi vibanja viwili, yaani mashamba ya migomba na kahawa, vilivyopakana. Mpaka wao ulikuwa mstari wa milamula mitano iliyoteremka kutoka barabarani hadi kwenye chemchemi. Mulamula ni mmea tunaoupanda mpakani tangu enzi za mababu, na kwa Mhaya kuung'oa ni kosa zito kuliko kumtukana mtu. Ugomvi ulikuwa juu ya ule wa tatu. Baba alisema mpaka unapita hapo uliposimama, kwa hiyo miti minane ya kahawa ni yake. Baba mkubwa alisema mpaka hauna kona na kahawa ni yake. Kila mmoja alimwona mwenzake mwizi. Walikuwa wazee wa kanisa wote wawili, usharika mmoja, na kwa miaka kumi na minne walikaa pande mbili za kanisa wakimwimbia Mungu mmoja bila kusalimiana. Sisi watoto tulikatazwa hata kuchota maji pamoja na watoto wa kule.

Nilipokuwa darasa la saba, baraza lilikaa kusikiliza shauri lao. Nilijipenyeza nyuma ya watu nikasikiliza tangu asubuhi hadi jua lilipopinda. Wazee wa ukoo walisema, mashahidi wakaapa, maneno yakawa mengi kuliko majani ya migomba. Hakuna hata mmoja aliyenyanyuka kwenda kuutazama mpaka, na kibanja kilikuwa umbali wa kupiga mluzi. Shauri liliahirishwa, na likaendelea kuahirishwa.

Baba akaamua kwamba mimi, niliyekuwa nafaulu, nitasoma sheria ili nije kuimaliza kesi. Alinipenda sana, na hilo ndilo lililonitia hofu. Nikiwa kidato cha sita tuligawiwa fomu za kuchagua vyuo, na mwalimu wa taaluma alituagiza tuandike kwanza kwa penseli. Niliandika "Sheria" nafasi ya kwanza, nikaipeleka nyumbani. Baba aliisoma akiwa amesimama, kama anavyosoma Injili, akaenda kumwonyesha mchungaji. Nilirudi shuleni, nikafuta, nikaandika "Upimaji Ardhi" kwa wino. Nilijua ninachofanya, na nilijua kwamba sina ujasiri wa kumwambia.

Chuoni Dar es Salaam nilikuwa msichana peke yangu katika darasa letu. Wavulana walinibebesha fito za kulengea, zile ndefu zenye mabaka mekundu na meupe, wakijua ndizo zinazotegua bega, mpaka walipogundua kwamba daftari langu halina makosa wakaanza kunibebea wao. Tulikula ugali kwa maharage ulionifanya niote ndizi za nyumbani usingizini. Baba aliniandikia kila mwezi akiuliza sheria inaendeleaje. Nilijibu, "Masomo yanaendelea vizuri," jambo ambalo halikuwa uongo, ingawa halikunipa usingizi mzuri. Kwetu walikwisha kuanza kuniita Wakili.

Mkufunzi wa Vitendo ndiye aliyenifundisha kazi. Alitufundisha kufunga mzunguko: unaanza kwenye alama inayojulikana, unapima kona baada ya kona ukizunguka eneo, na mwisho lazima urudi palepale ulipoanzia. Ukikosea, hesabu zako zitatua pembeni. Kosa dogo unaligawa kwenye kona zote, kosa kubwa unarudi kulitembelea kwa miguu. Siku moja mzunguko wa kundi letu ulikataa kufunga, tukaanza kulaumiana nani alishika vibaya. Alitusikiliza kwa muda, kisha akasema, "Msitafute mkosaji. Tafuteni kosa."

Mwaka wa mwisho kila mwanafunzi alitakiwa kupima eneo na kuchora ramani yake. Wenzangu walichagua viwanja vya mjini. Mimi nilichagua mpaka wa baba yangu. Nilipanda treni hadi Mwanza, nikavuka na meli hadi Kemondo, na ofisi ya ardhi ya wilaya ikaniazima mnyororo wa kupimia, dira na fito nne. Nilipoingia nyumbani na mnyororo begani, baba alikuwa uani.

"Wakili gani anabeba mnyororo?" aliuliza.

Nikapiga magoti nikamweleza yote, penseli na wino. Hakunipiga wala hakupaza sauti. Alisema nimemwacha peke yake mbele ya kaka yake, akaingia ndani. Asubuhi aliwakataza wanaume wote wa pale nyumbani kunisaidia, na mnyororo haupimwi na mtu mmoja, lazima mwingine ashike ncha ya pili. Nililia nyuma ya jiko, nasema wazi. Nilijiona nimepoteza baba na ramani pia.

Aliyenikuta huko ni shangazi Paulina, dada yao wote wawili, aliyeolewa Kemondo kabla ugomvi haujazaliwa. Alikuwa amekuja kumsalimia mama kwa siku chache. Aliuliza ncha ya mnyororo ina uzito gani, akajifunga khanga kiunoni, tukaenda.

Mulamula wa kwanza na wa pili tulipima bila shida. Niliusimika ufito kwenye wa tano kule chini, nikarudi juu kulenga kupitia uwazi niliokata kwenye majani makavu ya migomba. Wa kwanza, wa pili, wa nne na wa tano ilikuwa imejificha mmoja nyuma ya mwingine, sawasawa kabisa. Wa tatu ulikuwa umekaa pembeni hatua saba, ndani ya upande wa baba mkubwa. Kwa miaka yote hiyo migomba ilikuwa imewaziba macho wasione kwamba ile minne imenyooka. Nikamwambia shangazi apeleke ncha kwenye wa tatu. Alifika pale, akasimama, akaugusa mti na kuutazama juu hadi chini.

"Koku," aliniita, "hapa unapima nini?"

"Mpaka, shangazi."

"Huu si mpaka. Hiki ni kigingi cha mbuzi wangu."

Nikamwomba arudie. Akasema alipokuwa msichana alikuwa akichunga mbuzi mmoja mkorofi, siku moja akakata tawi la mulamula akalichimbia hapo amfungie. Mbuzi aliuzwa, kigingi hakikung'olewa, na mulamula ni mmea usiokataa udongo. Kikaota. Yeye akaolewa, na mgeni akija kwao haendi kukagua mipaka. Nilikaa chini kwenye majani. Hakukuwa na mwizi. Hakujawahi kuwa na mwizi.

Shangazi mwenyewe ndiye aliyemwita baba. Alikuja amekunja uso, akausikiliza mkasa wote, akamgeukia dada yake.

"Kwa nini hukusema siku zote?"

"Waitu kaka," alijibu kwa heshima ya Kihaya, "uliniuliza lini? Barazani mliwaita wanaume."

Nilimwomba baba aweke jicho nyuma ya ufito. Alilenga muda mrefu, akaenda hadi kwenye mulamula wa tatu, akarudi, akalenga tena. Kisha akakaa juu ya shina la mgomba lililoanguka na kuvua kofia.

"Ungesoma sheria," alisema, "ungenishindia hii kesi."

Nikasema ndiyo, huenda.

"Ningemnyang'anya kaka yangu kahawa kwa ajili ya mbuzi." Akaanza kucheka, na machozi yakamtoka humohumo ndani ya kicheko. Sijapata kuona mzigo ukimtoka mtu waziwazi namna ile.

Hakusubiri Jumapili. Alivuka palepale, sisi nyuma yake, akabisha hodi kwa baba mkubwa. Yule mzee alipoambiwa alisema alidhani baba ndiye aliyeupanda ule mulamula kwa hila. Baba akajibu kwamba yeye alidhani kaka yake anaikana kona makusudi kwa ajili ya kahawa. Baba mkubwa aliingia ndani, akatoka na kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, ile tunayompa mgeni wa heshima, akampa mdogo wake kwanza. Watoto wa nyumba mbili walitumwa maji pamoja jioni ileile.

Nilipohitimu nilikuwa na mpango wa kubaki Dar es Salaam kupima viwanja vya matajiri. Nikaomba kupangiwa Kagera. Baba aliandika barua ya kunipongeza na kwenye bahasha akaweka cheo changu kipya: Mpima. Nimeihifadhi mpaka leo.

Mpima Ardhi wa Mkoa nilimweleza kweli siku anahamishwa, miaka minne baadaye. Hakucheka. Alimwita Mpima wa Wilaya ya Muleba, aliyekuja siku hiyohiyo kunichukua nikafanye kazi kwake, akamwambia, "Huyu ukimpa kazi ya mpaka, mwache aulize jikoni kwanza." Hivyo ndivyo nilivyofanya kazi miaka yote. Kabla ya kushusha bikoni, yaani ile nguzo ndogo ya saruji inayozikwa kwenye kona ya kiwanja, niliwauliza wazee wa kiume barazani, kisha nikaenda kuwauliza wanawake wanaomenya ndizi. Hata kisiwani Goziba, nilikopelekwa kupima eneo la zahanati nikitapika boti nzima, aliyenionyesha maji yanafika wapi wakati wa masika ni mama wa kukaanga dagaa. Ofisa mmoja alinicheka kwamba napima kwa umbea. Bikoni zangu hazijang'olewa.

Sasa nimestaafu. Vijana wanakuja na simu zao kuniuliza wachague kozi gani yenye ajira, na wengine wamekwisha kuwaahidi wazazi wao jambo jingine. Sina jibu la ajira. Huwaambia tu wasifanye kama mimi, wafute mbele ya mzazi, kwa sababu ile miaka mitatu ya barua niliilipa kwa usingizi. Nilipata bahati ya shangazi. Si kila mtu ana shangazi wa namna ile.

Baba kabla hajafa alinipa kwa maandishi sehemu ya kibanja iliyo kando ya mpaka. Wa ukoo walinung'unika kwamba binti hapewi kibanja, mtoto mkubwa wa baba mkubwa akawanyamazisha. Ule mulamula wa tatu haukung'olewa, maana mulamula haung'olewi, na uko ndani ya ardhi ya ndugu yangu huyo hatua saba kamili. Mwezi uliopita nilinunua mbuzi. Kila asubuhi navuka mpaka nilioupima mwenyewe, namfunga pale, narudi kunywa chai. Hakuna wa kule aliyewahi kuniuliza kwa nini namfunga kwao.